Wino wa masizi unafutika: tia gundi

Ndugu, umesema masizi uliyokwangua chini ya sufuria yanaelea juu ya maji, na maandishi yakikauka yanafutika kwa kidole. Maji peke yake hayatoshi. Masizi hayayeyuki, na hapo hayana cha kuyashikiza kwenye karatasi. Yasage kwanza kwa matone machache ya spiriti, mbali na moto, mpaka yawe uji mzito. Kisha ongeza gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha na kuchujwa. Mimi napendelea masizi ya kibatari, yanayokingwa kwa bati: ni laini, meusi tii. Ya sufuria huwa na majivu.

Vaa barakoa, wala usijichore kwa masizi mwilini. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliyahusisha na saratani ya wafagia dohani. Ukibanwa kifua, nenda zahanati.