Ukiwa 5H, dunia nzima inakuita: ushauri kwa anayeingia mashindano ya redio ya ridhaa

Nilipoingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya CQ World Wide, ambamo wapenzi wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha kwa kupenda tu, hushindana kuwasiliana na vituo vya dunia nzima, nikiwa Dar es Salaam na redio ya wati 100 na antena ya waya niliyoifunga kwenye mnazi wa jirani, nilidhani kazi yangu ingekuwa kuwatafuta watu. Nilikosea. Muda mfupi baada ya mtu mmoja kutangaza kwenye mtandao kwamba kuna kituo cha Tanzania, chenye kitambulisho kinachoanza na 5H, hewani, sauti za Ulaya zilinimwagikia zote kwa pamoja, kama abiria wa Kariakoo wanaogombania mlango wa daladala moja, nami kwa dakika kadhaa sikuweza kuokota hata kitambulisho kimoja kizima, yaani zile herufi na namba ambazo ndizo jina la kituo. Niliyojifunza tangu siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa, hasa kwa anayerusha kutoka nchi yenye vituo vichache kama yetu, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya wale wanaoita, si kwa ajili ya anayeitwa.

Kwanza inafaa kuelewa kwa nini wanakuita. Mashindano haya hufanyika mara mbili kwa mwaka kwa saa 48, ya sauti wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba na ya msimbo wa Morse wikiendi kamili ya mwisho ya Novemba. Kila mmoja humpa mwenzake taarifa ya usikivu pamoja na namba ya kanda yake, na dunia imegawanywa katika kanda 40. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika kanda ya 37, ilhali Rwanda na Burundi zimo katika ya 36. Kwetu sisi, mawasiliano na bara jingine yana pointi 3, na nchi nyingine ya Afrika pointi 1, na mwenzako wa nchi ileile hayana pointi. Jumla ya pointi huzidishwa kwa jumla ya nchi na kanda ulizozipata katika kila bendi, yaani kila fungu la masafa. Kwa hiyo yule Mfini au Mjapani anayejipasua koo hakutafuti kwa ajili ya pointi 3 tu, ambazo angezipata kwa kituo chochote cha bara jingine. Anataka kile kizidisho cha 5H, ambacho huenda asikipate tena wikiendi nzima.

Ukishalielewa hilo utaona kwamba utulivu wa bendi umo mikononi mwako. Katikati ya msongamano, usisubiri kusikia kitambulisho kizima. Okota herufi mbili au tatu, ziseme kwa alfabeti ya kimataifa, mpe mwenye herufi hizo taarifa yake papo hapo, kisha nyamaza usikilize. Ukishaziita herufi hizo, usiziache. Mwenye nguvu kubwa atakatiza, na ataendelea kukatiza akidhani utachoka umjibu. Ukimjibu, umewafundisha wote wanaosikiliza kwamba anayepiga kelele ndiye anayehudumiwa, na ndani ya dakika tano hutamsikia mtu tena. Mimi nilifanya kosa hilo mwaka wa kwanza kwa sababu ya haya, maana niliona ni utovu wa adabu kumnyamazia mtu anayeniita kwa nguvu namna ile. Siku hizi narudia herufi zilezile mara tatu au nne kwa sauti ileile, na mara nyingi wengine hukaa kimya wenyewe. Ikiwa kweli yule mwenye herufi hizo amepotea, sema wazi kwamba unaanza upya.

Taarifa yenyewe iwe fupi: 59 na 37, basi. Hiyo 59, maana yake nakusikia vizuri kabisa, hutolewa kwa kila mtu, hata kwa yule ambaye umemsikia kwa shida kama anayenong'ona nyuma ya ukuta. Ni uongo ambao wote wamekubaliana nao, na anayejaribu kutoa taarifa ya kweli huwachanganya wenzake tu. Usirudie kitambulisho chake mara mbili ikiwa umekipata sawasawa. Ikiwa hukukipata sawasawa, mrudishe mpaka ukipate, hata kama foleni inanung'unika.

Jambo linalowaudhi wengi, na ambalo vituo vya nchi adimu hulikosea sana, ni kutotaja kitambulisho chako. Unapohudumia watu watano kwa dakika ni rahisi kudhani kwamba kila mtu anajua wewe ni nani, lakini anayepita bendi akakuta msongamano hajui, na huenda kwenye mtandao umetangazwa kimakosa kuwa 5R, yaani Madagascar. Atakuita, ataandika asichokisikia, na mawasiliano yenu yatakataliwa. Taja kitambulisho chako kila unapomaliza na mtu. Ni sekunde mbili tu. Kujitangaza mwenyewe kwenye mtandao huo, au kumwomba rafiki akutangaze, kumekatazwa na kanuni za mashindano haya, na wakaguzi hulifuatilia jambo hilo.

Kuhusu masafa, hakuna anayeyamiliki, ingawa saa sita za kukaa mahali pamoja humfanya mtu ajione mwenye hati ya kiwanja. Kabla ya kuanza kuita, sikiliza, uliza kama panatumika, subiri, uliza tena. Mwaka wangu wa pili kituo kimoja cha Ulaya kilianza kuita kilohezi moja tu kutoka kwangu, nami nikabishana nacho kwa dakika 20 nzima, nikiwa na hakika kwamba ni dharau. Baadaye, nilipotulia, nilikumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelijibu vizuri kabisa kwenye mtihani wa leseni: mawimbi ya bendi za juu hupaa, hurudishwa na anga na kutua mbali, yakiruka eneo kubwa katikati. Mimi niliwasikia wote wawili, yeye na wateja wangu, lakini yeye na wateja wangu huenda hawakusikiana kabisa. Alikuwa ameuliza, akasikia kimya. Kuhama kungenigharimu dakika mbili.

Kuna ugumu mwingine ambao sijawahi kuona ukielezwa katika miongozo ya wenzetu, nao ni salamu. Jumapili moja mchana, katikati ya foleni ya Wataliano na Wajerumani, aliniita mzee wetu mmoja wa Mombasa, akaanza kwa Kiswahili kuuliza habari za nyumbani, za watoto na za mvua. Kumkatiza mzee ni aibu, na kumwacha aendelee ni kuwaweka watu wengi juani. Nilichofanya, na ninachokushauri, ni kusema: "Shikamoo mzee, 59, 37, tukutane mita 17 saa mbili usiku." Mashindano haya hufanyika katika bendi sita tu, za mita 160, 80, 40, 20, 15 na 10, na hayaruhusiwi kabisa katika mita 30, 17 na 12, huko ndiko wasioshindana hukimbilia wikiendi hiyo, na huko ndiko pa kuulizana habari. Alicheka, akanipa namba yake, akaondoka. Lakini usiku nilikwenda kweli, nikaziacha dakika 15 za mashindano. Ukimwahidi mtu mzima, nenda.

Saa huwasumbua wanaoanza, kwa sababu daftari lote la mawasiliano huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nasi tuna saa za Kiswahili juu ya zile za Afrika Mashariki. Njia yangu ni hii: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ongeza tatu juu ya saa ya Kiswahili, na usiku ongeza kumi na tano, ukifika 24 au kuzidi uziondoe. Saa tatu asubuhi ni 0600. Saa tatu usiku ni 1800. Mashindano huanza saa 0000, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na si saa sita usiku kama nilivyoamka mimi mara ya kwanza nikakaa saa tatu nikimshangaa kila mtu kwa uvivu wake.

Jihadhari pia na mipaka. Sauti ya kawaida huchukua karibu kilohezi 3 kutoka namba unayoiona kwenye redio, kwa hiyo katika mita 20, ambako sauti hukaa upande wa juu wa namba hiyo, ukisimama megahezi 14.349 sehemu ya sauti yako imeshatoka nje ya bendi inayoishia 14.350. Katika mita 40 bendi yetu huishia 7.200, nao Wamarekani hawaruhusiwi kutumia sauti chini ya 7.125, hivyo ukitaka kuwapata kaa katikati ya namba hizo mbili. Usiguse 14.100, 21.150 na 28.200. Huko hurusha kwa zamu mtandao wa vinara 18 duniani, yaani vituo vinavyorusha ishara vyenyewe, ukiwemo 5Z4B wa Kenya, ambao watu huusikiliza ili kujua bendi imefunguka kuelekea wapi.

Kuhusu nguvu, andika kundi ulilolitumia kweli. Wati 100 ni 100, na aliyetumia amplifaya kwa nusu saa tu hayumo tena katika kundi hilo.

Baada ya kengele ya mwisho una siku tano za kutuma daftari, na ninakushauri ulitume hata kama lina mawasiliano 30, kwa sababu kompyuta za waandaaji hulinganisha daftari lako na ya wale uliozungumza nao. Aliyekuandika vibaya, au asiyeonekana kwako, hupoteza mawasiliano hayo na kukatwa pointi zaidi. Mtu akikuita mara ya pili usibishane naye kwamba mlishazungumza. Mpe taarifa tena uiandike, kwani marudio hayana adhabu na huenda mara ya kwanza yeye hakukupata. Usilirekebishe daftari baadaye kwa kutazama orodha za mtandaoni. Lililoandikwa hewani ndilo la kutuma.

Miezi kadhaa baadaye niliisoma ripoti ya makosa yangu ya mwaka ule wa pili. Mengi yalikuwa ya usiku wa Jumapili, saa ambazo nilijisifu kwa kasi yangu, na manne yalikuwa ndani ya zile dakika 20 nilizokuwa nikigombania masafa.