Maswali ya Wasomaji: Wakarelia wa Ufini ni Akina Nani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni mkazi wa Kisauni, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika hoteli za pwani ya kaskazini. Msimu uliopita nilimhudumia bibi mmoja mzee kutoka Ufini. Nilipomuuliza kwao ni wapi, aliniambia kuwa yeye ni Mkarelia lakini kwao hakupo tena, kisha akanyamaza. Nilipotazama ramani niliona Karelia imo ndani ya Urusi. Je, bibi huyu ni Mfini au Mrusi? Na mtu anawezaje kusema kwao hakupo, hali ardhi haikuhama?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yetu. Bibi huyo ni Mfini na ni Mkarelia, wala majina hayo mawili hayagombani. Sisi wa Mombasa tuna njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Wazee wetu walihesabu Thenashara Taifa, Tisa upande mmoja na Thelatha upande wa pili, na mtu alikuwa Mswahili wa Mombasa na papo hapo akawa Mmvita, Mjomvu, Mkilindini au Mchangamwe. Wafini nao wana mgawanyo unaofanana na huo, ambao wao huuita heimo: wapo watu wa Häme, watu wa Savo, watu wa Pohjanmaa, Wakarelia na wengineo. Kamusi hulifasiri neno hilo kuwa kabila, lakini mimi naona neno letu taifa, kwa ile maana ya kale ya Mombasa, liko karibu zaidi, kwa sababu linahusu asili, lafudhi na mazoea ya watu, na halina mfalme wala serikali yake. Husemwa huko kwamba mtu wa Häme ni mzito wa kufungua kinywa na kwamba Mkarelia ni mwepesi wa kuimba, kucheka na kukaribisha wageni. Masimulizi ya namna hiyo tuyachukue kwa kadiri, kwani kila nchi inayo.

Tena kumbuka kwamba baadhi ya mataifa yetu, kama Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na Wafaza, waliishi hapa mjini huku wakibeba majina ya miji ambako wazee wao walitoka. Jambo lililowafika Wakarelia ni la namna hiyo, ila limetokea juzi tu, na kwa vita.

Karelia imekuwa nchi ya mpakani tangu zamani. Waswidi walianza kujenga ngome ya Viipuri mwaka 1293, miaka 300 kamili kabla ya Wareno kuanza ile Ngome ya Yesu tunayoipita kila siku. Mwaka 1323 Uswidi na dola ya Kirusi ya Novgorod ziliandikiana mkataba uliowakata Wakarelia pande mbili, wa magharibi wakawa chini ya Uswidi na kanisa la Roma, na wa mashariki wakawa chini ya Novgorod na kanisa la Orthodoksi. Baadaye Waswidi wakawa Walutheri, na waliponyakua maeneo ya mashariki kwa mkataba wa mwaka 1617, Wakarelia wengi Waorthodoksi walikimbia kodi na shinikizo la dini wakaenda mbali ndani ya Urusi, hadi sehemu za Tver, ambako vizazi vyao vipo hata leo. Mashamba waliyoyaacha yalikaliwa na Walutheri waliotoka magharibi. Hii ndiyo sababu Wakarelia wa Ufini hawakuwa wa namna moja: wale wa shingo ya nchi iliyo kati ya Ghuba ya Ufini na ziwa Ladoga walikuwa Walutheri wenye kusema lahaja ya Kifini, na wale wa kaskazini-mashariki ya ziwa, kama vile Salmi na Suojärvi, walikuwa Waorthodoksi na wengi wao walisema Kikarelia chenyewe, ambacho ni lugha ndugu ya Kifini.

Ufini ilijitangazia uhuru mwaka 1917. Tarehe 30 Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliishambulia, na vita vya majira yale ya baridi vilipokwisha mwezi wa Machi 1940, Ufini ilibaki huru lakini ilitoa karibu sehemu moja ya kumi ya ardhi yake, ikiwemo Viipuri, uliokuwa mmoja wa miji yake mikuu, pamoja na pwani yote ya Ladoga iliyokuwa yake. Hakuna aliyewalazimisha watu wa huko kwa bunduki wahame. Hata hivyo, karibu wote walikataa kubaki chini ya utawala mwingine, wakaondoka kwa siku chache tu, katika theluji, wengine kwa treni na wengine kwa miguu huku wakiswaga ng'ombe wao barabarani. Jumla yao ilizidi watu 400,000, katika nchi ambayo wakati huo haikufikia watu milioni nne. Fikiria, ndugu yangu, kila kundi la watu tisa au kumi nchini, mmoja wao hana nyumba.

Yaliyofuata ni mazito zaidi, na mara nyingi husahauliwa. Mwaka 1941 Ufini iliingia tena vitani, safari hii ikiwa upande wa Ujerumani, ikairudisha Karelia yake, na wengi wa waliohama walirudi, wakajenga upya mapaa yaliyoungua na kulima mashamba yao. Haki inatutaka tuseme pia kwamba jeshi la Ufini halikusimama kwenye mpaka wa zamani, bali lilisonga mbele hadi Karelia ya mashariki ambayo haikuwa yake, na huko maelfu ya raia wa Kirusi walifungwa makambini na wengi walikufa. Kisha mwezi wa Juni 1944 Wasovieti walishambulia kwa nguvu, Viipuri ukaanguka tarehe 20, na watu wale wale waliokuwa wamerudi wakafunga mizigo kwa mara ya pili. Mara ya kwanza mtu huondoka akitumaini. Mara ya pili anajua anachokiacha, na nadhani hapo ndipo ukimya wa yule bibi unapotoka.

Kwa Kifini mtu wa aina hii huitwa evakko. Yeye si mkimbizi kwa maana ya kisheria, kwa kuwa hakuvuka mpaka wa nchi yake. Mpaka ndio uliomvuka yeye. Serikali haikuwaweka makambini kwa miaka. Sheria ya mwaka 1945 ilimega ardhi ya dola, ya makampuni, ya makanisa na hata ya wakulima binafsi, ambao walilipwa fidia, ikagawiwa waliohama na askari waliotoka vitani. Mpango ulijaribu kuwapeleka watu wa kata moja sehemu moja, ili majirani wabaki majirani. Maeneo ya wasemaji wa Kiswidi kwa kiasi kikubwa hayakuguswa, kwa hofu ya kuvuruga uwiano wa lugha, na jambo hilo lilizua manung'uniko. Wala wenyeji hawakuwapokea wote kwa moyo mkunjufu. Mkarelia aliitwa Mrusi kwa tusi, hasa akiwa Mworthodoksi mwenye ishara ya msalaba tofauti na sikukuu tofauti, na baadhi ya familia zilibadilisha majina na kuwanyima watoto wao lugha ili wasichekwe shuleni. Mimi nauhesabu msiba huu kuwa mkubwa kama ule wa ardhi, maana ardhi ilichukuliwa na adui, lakini lugha ilizimwa nyumbani kwa mkono wa mzazi aliyempenda mwanawe.

Mfano mmoja utakuwa karibu na wasomaji wetu. Martti Ahtisaari alizaliwa Viipuri mwaka 1937, akahamishwa na familia yake angali mtoto mdogo, na akakulia Kuopio. Katika miaka ya 1970 alikuwa balozi wa Ufini nchini Tanzania, baadaye akausimamia ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioipeleka Namibia kwenye uhuru, akawa rais wa Ufini kuanzia 1994 hadi 2000, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Basi kuhusu ramani yako: Karelia zipo zaidi ya moja. Ipo mikoa miwili iliyobaki Ufini, Karelia ya Kusini na Karelia ya Kaskazini. Ipo Jamhuri ya Karelia ndani ya Urusi. Na ipo ile ya yule bibi, iliyokuwa Ufini na sasa ni Urusi. Tangu miaka ya mwisho ya Umoja wa Kisovieti, njia zilipofunguka, maelfu ya Wakarelia walikwenda kuzuru, na wengi walikuta misingi ya mawe, kisima, pengine mti wa tufaha, na msitu umeota juu ya yote. Kwa hivyo bibi alisema kweli. Ardhi ipo, lakini kwao, yaani watu, mlango na jirani, hakupo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimesikia kwamba Wafini wana utenzi mkubwa uliotoka kwa Wakarelia, na kwamba umewahi kutafsiriwa kwa Kiswahili. Je, ni kweli, na unafanana kwa lolote na tenzi zetu?
Mwalimu, Likoni

JIBU: Ni kweli, Mwalimu. Utenzi huo ni Kalevala, na tafsiri ya Kiswahili, iliyofanywa na Jan Knappert, mtafiti wa tenzi za pwani yetu, ilichapishwa katika miaka ya 1990. Aliyeutunga kwa kuunganisha nyimbo za wananchi ni Elias Lönnrot, daktari wa wilaya ya Kajaani, ambaye alisafiri kwa miguu, kwa mashua na kwa kuteleza juu ya theluji akiandika alichosikia. Mwaka 1834 alimkuta mzee Arhippa Perttunen katika kijiji cha Latvajärvi, akakaa naye siku kadhaa akiandika maelfu ya mistari aliyoimbiwa. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1835, na la pili, lenye nyimbo 50 na mistari 22,795, mwaka 1849. Jambo la kuzingatia ni kwamba kijiji cha Perttunen kilikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Urusi, wala hakijawahi kuwa cha Ufini. Taifa la Wafini lilijijengea heshima yake kwa sauti za wakulima Waorthodoksi wa Kikarelia ambao lenyewe halikuwa nao, na ambao vizazi vilivyofuata viliwahi kuwaita Warusi.

Kuhusu mfanano, utafurahi. Mstari wa nyimbo hizo kwa kawaida una silabi 8, sawa na mizani 8 za kipande cha utenzi wetu. Vina vya mwisho, hata hivyo, hawana. Badala yake, maneno ya mstari mmoja huanza kwa sauti zinazofanana, na mstari unaofuata huyarudia mawazo ya ule uliotangulia kwa maneno mengine, kama mtu anayekanyaga mara mbili kabla ya kusonga hatua. Ala inayokwenda nazo ni kantele, ambayo zamani ilikuwa na nyuzi tano, na hulazwa mapajani ikachezwa kwa vidole kama kanuni katika taarab ya zamani.

Nakuomba pia usiwasahau wanawake. Larin Paraske, aliyeishi maisha ya ufukara katika Sakkola, kwenye ile shingo ya nchi, aliimba mistari zaidi ya 30,000 iliyoandikwa kutoka kinywani mwake, na akafa maskini mwaka 1904. Na upo utanzu mmoja, mbolezi za Wakarelia, uliokuwa wa wanawake hasa, ambao uliimbwa mazikoni na pia arusini, bibi arusi alipoagwa nyumbani kwao. Katika mbolezi hizo jamaa hawatajwi moja kwa moja. Mama haitwi mama, bali huitwa kwa mafumbo ya mapenzi, kama yeye aliyembeba au aliyemlea msemaji, na asiyeyajua mafumbo hayo hafahamu nani analiliwa. Ukiwafundisha wanafunzi wako somo la mafumbo, mfano huu utakufaa sana.

SWALI: Wakarelia hula nini, na je, chakula chao kimebaki?
Msomaji, Mji wa Kale

JIBU: Kimebaki, dada yetu, na kimeenea kuliko lugha yao. Jiko la Kikarelia lilikuwa tanuri kubwa la kuokea ndani ya nyumba, na vyakula vyao vingi huiva humo polepole. Kinachojulikana zaidi ni karjalanpiirakka, andazi jembamba la unga wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano na inayostahimili baridi. Kinyunga husukumwa hadi kiwe chembamba kama chapati ya sambusa, katikati hutiwa uji mzito, zamani wa shayiri na siku hizi wa mchele na maziwa, kisha kingo hukunjwa ndani na kufinywafinywa kwa vidole zikawa na mikunjo, na juu huachwa wazi. Waliohama walikwenda nalo kila walikopelekwa, na leo linauzwa karibu katika kila duka la vyakula la Ufini. Tangu mwaka 2003 Umoja wa Ulaya umelilinda jina hilo, ili asiyefuata njia ya asili asilitumie. Ukitaka kulijaribu, utumie unga wa atta mweusi ukikosa wa rai, uoke kwa moto mkali sana kwa muda mfupi, ulipake siagi iliyoyeyushwa lingali moto, na ulile na mayai ya kuchemsha yaliyopondwa pamoja na siagi.