Maswali na Majibu: Pwani kwa Gari Lako Mwenyewe

Tunataka kwenda Malindi na kurudi siku hiyohiyo, mimi, mke wangu na watoto watatu. Tutoke saa ngapi? (Msomaji, Kisauni)

Tokeni saa 11 na nusu alfajiri, mara baada ya swala. Kutoka Mombasa kilomita ni kama 120 tu, na hizo ndizo zinazowadanganya watu. Safari ya pwani hupimwa kwa mahali pa kukwama. Mkishavuka daraja la Mtwapa kabla ya saa 12 na nusu asubuhi, Malindi mtaingia kwa mwendo wa saa mbili na ushei bila kukimbizana na mtu. Mkitoka saa mbili asubuhi, huenda saa nzima ikaishia kati ya Bombolulu na Mtwapa, kwa sababu matatu, tuktuk na malori ya asubuhi hukutana hapo.

Baada ya Mtwapa njia hufunguka: Majengo, Vipingo na mashamba yake ya katani, kisha Mnarani. Kasi iwe 50 kila penye nyumba na maduka, hata kama barabara imenyooka. Matuta mengine hayana rangi wala kibao, na mengi yako palepale watoto wanapovuka kwenda shule. Funga breki kabla ya tuta, kisha iachie gurudumu linapopanda. Ukilipanda huku umekanyaga breki, pua ya gari huinama na tumbo la injini, penye oili, likagonga. Ikitokea hivyo na taa nyekundu ya oili ikawaka, zima injini hapohapo. Dakika chache za kuendesha bila oili zinatosha kuiua.

Kilifi msisimame juu ya daraja kupiga picha. Magofu ya Mnarani yako kando tu, upande wa kusini, na hori lote la Kilifi linaonekana kutoka pale juu. Vituo viwili vinawatosha kwa siku moja mkiwa na watoto. Maoni yetu ni magofu ya Gedi asubuhi, wakati kivuli cha msitu bado kina baridi, halafu Malindi. Mji wa Gedi uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuuelewa akionyeshwa visima, vyoo na msikiti mkuu. Chakula kifungieni ndani ya gari: kima wa pale hunyakua mfuko mkononi.

Kurudi, ondokeni Malindi saa tisa na nusu alasiri. Huku kwetu jua likizama giza haliko mbali, na baada ya Kilifi mtakutana na baiskeli zisizo na taa, ng'ombe na bodaboda zinazokuja upande wenu.

Gari langu ni saloon ndogo kutoka Japani. Niangalie nini kabla ya safari? Fundi ananiambia "iko sawa" tu. (Msomaji, Tudor)

"Iko sawa" haitoshi, dada. Anza na magurudumu. Soma tarehe ya tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi ya zamani yaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umekauka. Joto la lami na mzigo ndivyo huipasua.

Upepo upime asubuhi tairi zikiwa baridi, kabla hujatembea. Kipimo kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukibeba watu watano na mizigo, fuata kile cha gari lenye mzigo. Watu wengi hupunguza upepo "ili gari lisirukeruke", na hapo hukosea. Tairi yenye upepo mdogo hukunjika ubavu kila inapozunguka, ikapata moto, kisha ikapasuka kwenye mwendo wa kasi.

Halafu fungua buti, uone kama spea ipo kweli. Magari mengi ya Japani huja na chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo, bila gurudumu la akiba. Dawa hiyo haifai tairi ikipasuka ubavuni. Kama una spea, ijaze upepo, na ujaribu kulegeza nati moja ukiwa nyumbani. Nati zilizokazwa kwa mashine hazikubali spana fupi ya gari. Kata bomba la chuma la nusu mita, livishe kwenye mkono wa spana.

Mengine ni mafupi: kulanti kwenye rejeta badala ya maji ya mfereji, waipa, taa zote, pembetatu za kuakisi mwanga, kizima moto, na lita 5 za maji. Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa ya moto. Mafuta jaza Mombasa, ambako kwa kawaida bei ya mamlaka ya nishati huwa ya chini kuliko kwingine nchini.

Kwenda Diani, bora feri ya Likoni au Dongo Kundu? (Msomaji, Mwembe Tayari)

Ukitoka kisiwani Mombasa mapema siku ya Jumapili, feri ni karibu zaidi. Siku za kazi asubuhi na jioni, na mwisho wa mwezi, pita Changamwe na Miritini uchukue barabara ya Dongo Kundu hadi Kibundani, kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga. Ni mzunguko, lakini unajua utafika saa ngapi. Anayetoka uwanja wa ndege asifikirie feri kabisa.

Ukipanda feri: gia iwe P au namba moja, breki ya mkono juu, injini imezimwa, vioo vimeshushwa. Hili tunalisisitiza. Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri hapo Likoni, likazama na roho mbili. Maji yakiwa yamekupwa sana, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na gari la chini hukwaruza bampa. Ingia polepole.

Ni mwezi gani mzuri, na je, maji kujaa na kupwa yanahusu nini mtu wa gari? (Msomaji, Bamburi)

Yanahusu sana, kwa kuwa ndiyo yatakayoamua usimame wapi saa ngapi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari ya kwetu hupwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi, na hujaa tena mnamo saa kumi alasiri. Tofauti hupita mita 3. Basi siku hizo panga matumbawe ya Watamu asubuhi, wakati wa maji machache, na mtumbwi kwenye hori la Mida, karibu na Watamu, alasiri, maji yakiingia kwenye mikoko. Kila siku inayofuata, ongeza kama dakika 50. Anayepuuza hesabu hii hufika Mida akute matope matupu.

Kuhusu miezi: wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa safi. Masika ya Aprili na Mei huficha mashimo chini ya madimbwi. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti ina hewa nzuri ya kuendesha, lakini mashua za Shimoni kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite hurushwa na mawimbi.

Naweza kuendelea hadi Lamu? (Msomaji, Majengo)

Lami ipo kutoka Garsen hadi Mokowe. Lakini uliza polisi wa Malindi hali ya usalama siku hiyohiyo, safiri mchana tu, na ukiambiwa usubiri msafara, subiri. Mto Tana ukifurika, maji huikata barabara pande za Garsen. Gari utaliacha Mokowe, kisha uvuke kwa boti.

Na Tanga? (Msomaji, Likoni)

Pitia Lunga Lunga. Beba logibuku halisi, yaani hati ya umiliki wa gari, na kama gari si lako, barua ya mwenyewe. Watu huchanganya kadi mbili za njano: moja ni bima ya gari ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano. Beba zote mbili.

Tulipe vipi kwenye hifadhi za bahari? (Msomaji, Mtwapa)

Fedha taslimu hawapokei. Lipa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mkiwa bado nyumbani, penye mtandao mzuri, na muhifadhi picha ya risiti kwenye simu.

Naweza kushusha gari mchangani? (Msomaji, Nyali)

Usishushe. Kasa hutaga kwenye fuo hizo, na uzito wa gari huponda mayai yaliyofukiwa. Nawe mwenyewe utakwama, halafu maji yatarudi kabla hujapata wa kukuvuta. Hata ukiegesha juu, umande wa chumvi hula chuma. Ukirudi nyumbani, mwagia tumbo la gari maji yasiyo ya chumvi kwa mpira, hasa nyuma ya magurudumu na kwenye mabomba ya breki.