Kipimo kimoja cha 135/85 shuleni
Presha ya 135/85 iliyopimwa mara moja kwenye kliniki ya shule haitoshi kusema mwanafunzi wa miaka 14 ana presha ya kupanda. Kwa mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani (AAP, 2017), kuanzia miaka 13 kiwango cha presha ya kupanda ni 130/80 au zaidi, lakini lazima kionekane katika siku tatu tofauti. Huyu apimwe tena baada ya wiki 1 hadi 2. Chini ya miaka 13 kiwango husomwa kwenye jedwali la umri, jinsia na urefu.

Kabla ya kumtisha mzazi, kagua mkanda wa kipimo cha presha unaofungwa mkononi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba isivyo kweli, na hili ndilo kosa linaloumiza watoto bure. Pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko: mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uwe na upana wa angalau 40% ya mzunguko huo, na urefu wa 80 hadi 100%. Mtoto akae kimya dakika 3 hadi 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono wa kulia usawa wa moyo. Aliyetoka kucheza mpira asubiri kwanza. Mashine ikionyesha juu, rudia mara mbili kwa stetoskopu, uchukue wastani.

Ila akiwa na 140/90 au zaidi pamoja na kichwa kuuma sana, kuona ukungu au degedege, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.