Siku ya bembea Nyali bila kuvunja mpango wa kula

Dadangu, umeuliza utajizuiaje kula ovyo siku nzima ukiwa na watoto kwenye michezo ya maji Nyali, kisha jioni kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, hapo Mombasa. Kinachoharibu mpango mara nyingi ni kufika saa sita mchana na tumbo tupu, ukanunua cha kwanza kunukia. Basi staftahi vizuri: mayai mawili ya kuchemsha, bakuli la maharagwe yasiyo na tui, na chungwa.

Piga simu mapema uulize kama chakula cha nje kinaruhusiwa. Kikiruhusiwa, gandisha usiku chupa mbili za maji za nusu lita, uzibane na chakula kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi. Zikiyeyuka mnazinywa. Usiuache mfuko juani: joto likipita nyuzi 32, kuku au mayai yasikae nje zaidi ya saa moja.

Soda ndiyo ya kuogopa zaidi. Chupa ya nusu lita ya kola ina zaidi ya gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai, na haishibishi. Kunywa maji, au dafu moja.

Mama Ngina hakuna haja ya kujinyima. Chukua muhogo wa kuchoma, kipande cha urefu wa kiganja, kwa ndimu na pilipili, na mishkaki miwili kwa kachumbari. Viazi karai viache: vimevikwa unga, na unga ule hunyonya mafuta. Mabuyu yana shira ya sukari, kwa hiyo pakiti moja ndogo gawaneni na watoto.