Mtoto anayeogopa mlio wa injini ya mtumbwi

Dada yangu, umeeleza kwamba tangu dhoruba iupige mtumbwi wenu karibu na Kirumba, Mwanza, mwanao hulia akisikia injini yoyote, hata ya bodaboda. Pole sana. Huo si ukaidi. Ivan Pavlov, mwanafiziolojia wa Urusi, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa hatimaye hudondokwa na mate kwa mlio peke yake. Kwa mwanao, mlio uliokuwa wa kawaida tu ulifungamana na hofu, na hofu kali huweza kufungamana hivyo kwa tukio moja, kisha ikaenea kwa milio inayofanana nao.

Nakusihi usimpandishe mtumbwini kwa nguvu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alimpunguzia mtoto hofu ya sungura kwa kumsogeza mnyama huyo kidogo kidogo huku mtoto akila chakula anachokipenda. Nanyi kaeni pale ambapo injini zinazowashwa kwenye mwalo wa mitumbwi husikika kwa mbali, naye akitafuna muwa au sato wa kukaanga, na msogee karibu siku nyingine iwapo tu ametulia. Hofu ikirudi ghafla, jambo ambalo hutokea mara nyingi, rudini nyuma kidogo bila kumkemea. Asipolala vizuri kwa wiki kadhaa, mpeleke Hospitali ya Bugando akaonwe na wataalamu wa afya ya akili.