Tom ni mjomba wa nani?

Swali: Natafsiri sura chache za Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Mmarekani Harriet Beecher Stowe kuhusu utumwa, kwa ajili ya wanafunzi wangu, na jina la kitabu limenikwamisha mlangoni. Niandike "Kibanda cha Mjomba Tom", "Ami Tom" au "Mzee Tom"? Na Wamarekani weusi wanapotukanana kwa jina hilohilo, nitumie neno gani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Andika "Mjomba", ila ujue unachokiandika.

Kiingereza kina neno moja, "uncle", pale ambapo sisi tunayo manne: mjomba, ami, baba mkubwa, baba mdogo. Ukishachagua, umeshasema undugu unapitia wapi. Na Tom, mtumwa mweusi, si ndugu wa hao Wazungu wanaomwita hivyo. George Shelby, mtoto wa tajiri wake huko Kentucky, anamwita kwa mapenzi, ni kweli. Lakini desturi ya Kusini mwa Marekani ilikuwa Mzungu hamwiti mtu mweusi "Bwana" hata awe na umri gani. Jina la undugu lilikaa mahali pa heshima aliyonyimwa. Ndiyo maana nalikataa "Mzee". Kwetu linampa mtu heshima yake kamili, na hapo tafsiri itakuwa imefuta dhuluma yenyewe. Tena Tom wa kitabuni hajazeeka: ni mtu wa miraba minne, ana mtoto mchanga nyumbani.

Ami je? Ami ni wa ukoo wa baba, ukoo wako mwenyewe, na Shelby hangemweka Tom humo hata kwa maneno. Mjomba ni wa ukoo mwingine aliye karibu nawe. Ukaribu wa namna hiyo ndio uliomo kitabuni: tajiri anamsifu Tom kwa uaminifu wake, kisha madeni yakimbana anamuuza. Mkewe, Chloe, usimwite Shangazi, maana huyo ni dada wa baba. Kwa kanuni ni mkaza mjomba, lakini nani humwita mtu hivyo? Mwache awe Chloe.

Kuna jambo hukuliuliza, nami siwezi kulipita. Katika kipande ulichonitumia, Eliza, mtumwa mwingine wa Shelby, anavuka mto Ohio juu ya mapande ya barafu, mtoto kifuani, nawe umemwita "mkimbizi". Mkimbizi hukimbia vita, na tunatarajia apokewe. Eliza ni mtoro. Pwani yetu inalijua neno hilo tangu enzi za utumwa: aliyemtoroka bwana wake, anasakwa arudishwe. Sheria ya Marekani ya 1850 iliwataka hata raia wa majimbo yasiyo na utumwa wasaidie kukamata watoro, na ndiyo iliyomtia Stowe uchungu akashika kalamu. Hadithi ilianza kutoka gazetini 1851, ikawa kitabu Machi 1852, na ndani ya mwaka mmoja nakala zipatazo 300,000 zikauzwa Marekani. Watu wa Kaskazini waliozoea kumwona mtoro kwenye matangazo ya zawadi kwa atakayemkamata sasa walimwona mama aliyembeba mwanawe.

Kuhusu tusi, andika "kibaraka wa Wazungu". Maana hiyo ilikuja baadaye, ikichochewa na michezo ya jukwaani iliyomgeuza Tom kuwa kizee cha kujipendekeza. Usiiingize kitabuni. Tom wa Stowe anapigwa hadi kufa kwa sababu anajua Cassy na Emmeline, wanawake watumwa wenzake, wamejificha wapi, na hasemi.